Habari za Nyumbani Kabla ya Kuruka

Wiki iliyopita mpwa wangu Zuhura alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Amemaliza mafunzo ya urubani, leseni anayo mkononi, na kampuni moja ya wakala imempa mkataba wa kurusha ndege za watu wengine. "Shikamoo mjomba. Nisaini au nisisaini?" Nilikuwa shambani kwangu hapa Mwankoko, nimeshika kichwa cha alizeti ambacho ndege wa kweli, wale wenye manyoya, walishakila nusu. Nikamwambia anipe muda. Mzee aliyestaafu hana haraka, na swali lile mimi nalijua tangu zamani.

Jibu limekuwa refu kuliko simu, ndiyo maana naliandika. Wala si la Zuhura peke yake. Ni lenu nyote mnaovaa shati jeupe lenye mistari mabegani na kudhani kazi imeanza pale injini inapowaka. Habari za mshahara sitasema, hizo mtajisomea wenyewe, macho mnayo. Mimi nataka mjiulize jambo moja tu kabla ya kusaini: siku nyumbani kukiharibika, utamwambia nani kabla hujaruka?

Swali hilo nilifundishwa na Kapteni Salehe, mtu wa Tanga, mfupi, mkali kama pilipili, aliyenichukua nikiwa rubani msaidizi mbichi kabisa katika shirika la umma. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitufe chochote, aliniuliza mambo matatu. Umelala? Umekula? Habari za nyumbani? Mimi nilidhani ni salamu tu za mtu wa pwani anayependa maneno. Nikawa namjibu haraka haraka, nimelala, nimekula, salama, huku nimeshaanza kufunga mkanda.

Asubuhi moja tulikuwa Tabora tunakagua ndege. Kapteni akamwuliza fundi wa zamu, "Habari za injini?" Fundi akajibu kwa adabu zote, "Nzuri, mzee." Akafuta mikono kwa kitambaa. Akauliza habari za Dar, habari za watoto, habari za mvua za huko. Kapteni akajibu zote. Ndipo fundi akasema, kwa sauti ile ile ya upole, "Ila ya kushoto inavuja oili."

Kapteni Salehe aliketi pale pale juu ya tairi. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akanigeukia bila hata chembe ya kicheko. "Rajabu, umesikia? Sisi tumelelewa hivi. Mtu kafiwa, ukimwuliza habari anasema nzuri, ila tumefiwa. Ni adabu nzuri sana kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda na anayo siku nzima. Lakini kwenye ndege yangu, nikikuuliza, anza na ila."

Alisema kweli. Nyumbani kwetu Singida mjini, baba yangu aliuza kanga na vitenge karibu na soko, na mama yangu, Mnyaturu wa Mungumaji, hakumruhusu mtoto yeyote kumwaga habari mbaya mlangoni. Kwanza shikamoo, kwanza habari za huko, kwanza maji ya kunywa. Siku jirani yetu alipounguliwa na ghala, alikuja akasalimia, akakaa, akanywa uji, ndipo akaomba ndoo. Nimekulia katika adabu hiyo na siionei aibu. Lakini kuivua nilipokuwa naingia kwenye chumba cha rubani kulinichukua miaka, na karibu kunigharimu kitu ambacho nisingekipata tena.

Tusikimbilie huko kwanza. Acheni niwape kitu cha kutumia, msije mkasema mzee kaandika kurasa nzima hakuna faida.

Ukija kutua Singida, usiamini tu ile soksi ya upepo, kile kitambaa cha mlingotini kinachoonyesha upepo unakoelekea. Zamani mara nyingi ilikuwa imechanika, au mbuzi ameila. Tazama ziwa Singidani. Maji yakiwa na makunyanzi yanayokimbilia upande mmoja, huo ndio upepo wako, na Singida ina upepo, si bure watu wa huku hatufugi nywele ndefu. Njoo asubuhi. Baada ya adhuhuri yale mawe makubwa ya Singida yanakuwa yamepata moto, na hewa juu yake inakurusha kama ungo unaopeta mtama. Uwanja ukiwa wa udongo, pita kwanza chini mara moja, ng'ombe waondoke, halafu zunguka uje kutua. Na ukimaliza kupita usizunguke kwa madaha mengi, kwa sababu ng'ombe wa Singida wameshaona marubani wengi, wanajua dakika za kurudi.

Jambo lingine, kuku. Msafiri wa kutoka Singida atakuja na kuku, hata akiwa mkurugenzi. Mfunge kuku miguu na mfunge mabawa. Mimi nilishawahi kuamini neno la abiria mmoja kwamba kuku wake ni mpole. Tulipofika juu ya Bahi jogoo yule alikuja mbele, akasimama kati yangu na Kapteni Salehe, akatazama vioo vyote vya mitambo, akawika. Kapteni akasema, "Huyu naye muulize kama amelala."

Basi. Zile zilikuwa enzi za shirika. Mlishahadithiwa kwamba zilikuwa mbaya, na kweli vipuri havikuwepo na safari zilikuwa za kubahatisha. Lakini likizo ilikuwepo, na nauli ya kwenda kwenu na familia. Ukifiwa, mtu wa utumishi alikuwa wa kwanza kufika msibani, tena anakula ubwabwa kuliko wafiwa.

Ikaja ruksa. Soko likafunguliwa, mitumba ikajaa, redio mpya zikajaa, na anga nayo ikafunguliwa. Shirika likapunguza watu. Ndege zilizobaki zikawa za kukodi, zinakuja na rangi zao na marubani wao kutoka mbali, na sisi wenyeji tukaambiwa twende kwa wakala, yeye ndiye atatuajiri na kutupanga kukaa pembeni ya wale wageni. Siku ile niliona kama dunia imegeuka miguu juu: ndege ya mtu mmoja, kapteni wa nchi nyingine, wakala wa mjini, abiria wetu, na mimi katikati sijui mwajiri wangu ni nani hasa.

Kwa wakala ulilipwa kwa saa ulizokuwa angani. Ukikaa chini, umekaa kwa hiari yako, hata kama umekaa kwa malaria. Aliyetupanga tulimwita Bwana Ratiba, jina lake halisi tulilisahau kwa makusudi. Hakuwa na roho mbaya, nimwondolee lawama hiyo. Alikuwa na marubani wachache na ndege zilizotakiwa ziruke kila kukicha, na aliogopa wenye ndege kama sisi tulivyomwogopa yeye. Hivyo kila mtu akawa mzima. Sijawahi kuona kundi la watu wenye afya kama sisi miaka ile. Mtu anakohoa mpaka machozi yanamtoka, ukimwuliza, "Mzima, kaka." Habari za nyumbani? Salama.

Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Mtoto wetu wa kwanza, mimi na mke wangu Mwajuma, alizaliwa kabla ya wakati wake na akafa, mimi nikiwa Mwanza nasubiri abiria. Nilipofika alishazikwa. Mwajuma hakunipigia kelele, na ningependa kama angepiga. Alinipikia chai. Siku nyingi baadaye, alipopata mimba nyingine, aliniambia neno moja tu. "Sikulaumu, baba. Ila safari hii uwepo."

Nikamwahidi. Wanangu, ahadi ya rubani wa mkataba ni ahadi ya mtu asiyemiliki siku zake. Nilikwenda kwa Bwana Ratiba mapema, nikamwomba siku chache pale mke wangu atakapokaribia. Akauliza, "Kwani Rajabu, unayejifungua ni wewe?" Chumba kizima kikacheka, marubani wenzangu wakiwa wa kwanza. Mmoja akaniuliza kama nitakunywa uji wa pilipili manga wanaopewa waliojifungua. Nilicheka nao, kwa kuwa mtu akichekwa hana pa kuuweka uso wake, lakini nilitoka pale naumia. Mwajuma akaenda kwa mama yake Kilimatinde, kule kwenye hospitali ya misheni, na mimi nikarudi kwenye ratiba.

Mwenzangu wa kuruka miezi ile alikuwa Kapteni Petar, mmoja wa wale waliokuja na ndege. Jitu refu, mikono mikubwa, Kiswahili cha maneno machache yaliyofungamana kama kuni. Mwanzoni nilimchukia kwa kukaa kwenye kiti ambacho niliona ni changu. Halafu nikagundua kwamba naye aliajiriwa na wakala, wa huko kwao, na kwamba wa kwake alikuwa mkali kuliko wetu. Alikuwa na kaseti aliyorekodiwa na binti yake akihesabu moja mpaka ishirini. Aliisikiliza kwenye nyumba za wageni, anafika kumi na saba anatabasamu, maana binti alikuwa anairuka kumi na saba kila mara.

Nilimfundisha yale maswali matatu ya Kapteni Salehe. Aliyapenda mno. Kila asubuhi, "Umerara? Umekura? Habari nyumbani?" na mimi namwuliza yeye. Nilimweleza na hadithi ya fundi wa Tabora, akapiga meza kwa kicheko. Lakini kuhadithia ni jambo moja. Mimi niliyemfundisha bado niliendelea kumjibu "salama" kama kasuku.

Siku yenyewe tulikuwa hapa hapa Singida. Mzee Kanji, mfanyabiashara wa mjini mwenye duka la jumla na biashara ya ngozi, alikodi ndege ile kuwapeleka wanunuzi wake wa ngozi Mwanza. Tulitua asubuhi, upepo mwanana, ng'ombe watiifu. Wakati abiria wanapakia mizigo, nikamwona dada yangu mkubwa, Zena, anavuka uwanja kwa miguu huku kanga inapeperuka. Ndiye aliyerithi duka la baba. Aliposikia mngurumo alijua ni mimi, akaja kunisalimia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Habari za Dar?"

"Nzuri tu. Za hapa?"

"Nzuri, tunashukuru. Umekonda. Kazi?"

"Inakwenda. Za dukani?"

"Nzuri. Mvua imetuchelewea kidogo, watu hawanunui. Za Kilimatinde umezipata?"

"Sijazipata. Kwema?"

"Kwema." Akaishika kanga yake vizuri. "Ila Mwajuma alipelekwa hospitali jana. Amepata uchungu kabla ya siku zake. Wanasema mtoto amekaa vibaya."

Nikasema, "Sawa dada." Hebu fikirini, sawa! Nikamwambia nitatafuta namna nikifika Mwanza. Zena akanitazama kama mtu anayetazama jiwe likiongea. Nyuma yangu bwana mmoja, mnunuzi wa ngozi, aliuliza kwa nini hatuondoki. Nikapanda ndegeni.

Sikupanda kwa ushujaa. Nilipanda kwa woga. Niliwaza kwamba nikikataa safari hii, mkataba umekwisha, na mtoto atakayezaliwa atalelewa na nini? Niliwaza pia, na hili linaniuma kulisema, kwamba labda ameshakufa kama yule wa kwanza, na basi haraka ya nini. Mtu akizoea kukosa, anaanza kukosa kabla ya wakati.

Petar alikuwa ameshakaa. "Umerara?"

"Nimelala."

"Umekura?"

"Nimekula."

"Habari nyumbani?"

"Salama."

Tukaanza ukaguzi. Kwenye ndege, kwa wasio marubani, kabla ya kuwasha injini mmoja anataja kitu na mwenzake anakitazama kwa macho yake na kukijibu. Hakuna kujibu kwa mazoea. Yeye akataja breki.

"Salama," nikasema.

Akasita. Akataja mafuta.

"Salama."

"Rajab. Mafuta, si mama mkwe." Akataja tena, na wallahi, mdomo wangu ukasema tena, "Salama."

Petar akaondoa mkono kwenye vitufe. Akatazama nje ya kioo. Dada Zena alikuwa bado amesimama pale pale pembeni ya uwanja, hajatikisika, kanga ameikusanya mdomoni. Petar akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Habari nyumbani?" akauliza upya, polepole, kama vile hatujaanza.

"Salama," nikasema. Halafu kitu kikapasuka ndani. "Ila."

"Ila nini?"

Nikamwambia. Sijui nilimwambia kwa lugha gani, nadhani kwa zote. Petar alisikiliza mpaka mwisho. Akavua vile vidude vya masikioni, akavining'iniza. "Binti yangu, alipozaliwa, mimi nilikuwa naruka mbali," akasema. "Miezi mingi. Nikarudi nyumbani, yeye akajificha nyuma ya mlango. Mimi mgeni." Akafungua mkanda wake. "Mimi sikwenda. Wewe nenda."

Aliteremka akaenda kusimama mbele ya wale mabwana wa ngozi na Mzee Kanji. Kwa Kiswahili chake cha kuni akasema, "Rubani msaidizi hayuko sawa. Ndege hairuki." Hakuongeza. Sheria ya anga inampa kapteni neno hilo, na akilisema hakuna mwenye mali wa kulipinga. Tatizo ni kwamba miaka ile makapteni wengi walikuwa wamesahau kwamba wanalo.

Mabwana wakaanza kulalamika. Mzee Kanji, ambaye alizaliwa Singida na alikuwa akinunua vitenge kwa baba yangu tangu mimi nikitembea bila kaptula, akanivuta pembeni. "Wewe Rajabu wa Athumani. Una nini?"

Nikamweleza. Akapiga paji la uso. "Sasa mbona hukusema tangu uliposhuka?"

"Niliogopa safari yako itaharibika, mzee."

"Safari yangu ni ya ngozi! Ngozi kavu, Rajabu. Zitaoza?" Akageuka akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ng'ombe. "Yohana! Lete Land Rover!" Kisha akawageukia wanunuzi wake akawaambia safari imeahirishwa, na kwamba nyumbani kwake hawapiki nyama, ila jirani yake Dada Zena ana kuku wa kienyeji ambao mtu akiondoka Singida bila kuwala ametembea bure. Nasikia walikula mpaka wakasahau Mwanza iko upande gani.

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu wote. Yule niliyemwogopa hakuwa anatisha. Muda wote nilikuwa nimebeba hofu ya Mzee Kanji ambayo Mzee Kanji mwenyewe hakuwa nayo.

Najua mnataka kujua kama nilifukuzwa. Bwana Ratiba alipiga simu dukani kwa Mzee Kanji akifoka, Mzee Kanji akamwambia mteja ni yeye na mteja hana malalamiko, akakata. Petar alipata maneno makali kutoka kwa wakala wake, akayasikiliza kama anavyosikiliza redio yenye mikwaruzo. Mimi nilitolewa kwenye ratiba msimu wote ule wa mvua, tukaishi kwa duka la dada. Kisha wakaniita, maana marubani wanaojua viwanja vya udongo hawaokotwi barabarani.

Lakini jambo lilikuwa limeshavuja. Wale wale walionicheka wakaanza, mmoja mmoja, kuanza na ila. Mmoja akasema baba yake yuko mahututi. Mwingine akasema hajalala, mtoto ana degedege. Mwingine, msameheni, alisema kuna jando la mtoto wa shemeji yake. Ndege zikakaa chini mara kadhaa, makapteni wageni wakasimama na sisi kwa sababu nao walikuwa na milango yao ambayo watoto wao walijificha nyuma yake. Mwishowe wakala akaweka rubani wa akiba, na mkataba mpya ukawa na siku za kuzaliwa kwa mtoto na siku za msiba. Siku tuliposomewa, hakuna aliyeshangilia. Tulishusha pumzi tu, chumba kizima, kama watu waliotua mzigo wa kuni. Bwana Ratiba naye alishusha. Baadaye aliniambia kwamba mke wake mwenyewe alijifungua watoto watatu naye hakuwahi kuwepo hata mara moja.

Kwa hiyo Zuhura, saini kama unataka. Kazi ni nzuri, mawingu ya asubuhi juu ya Singidani hayana mfano. Lakini kabla ya kalamu kugusa karatasi, waulize wakutajie rubani wa akiba ni nani, na ukishika mimba utakaa chini lini na utarudi vipi. Uliza kwa sauti. Wakicheka, waache wacheke kwanza. Halafu uliza tena.

Sasa nimalizie safari yangu na Yohana, dereva wa Mzee Kanji.

Kabla hatujaondoka uwanjani nilimwuliza, "Mafuta?" Akasema yapo. "Breki?" Zipo. "Tairi la akiba?" Lipo. "Maji?" Yohana akanigeukia. "Bosi, hii ni Land Rover. Ikizimika tunashuka, tunasukuma." Tukapita Ikungi, tukapita Issuna, vumbi limetuvika nguo moja wote wawili, sare yangu nyeupe ikawa rangi ya ugali wa mtama. Manyoni hatukusimama. Nilikuwa nasali, na kati ya sala na sala nilikuwa naangalia jua, kwa mazoea tu.

Kilimatinde nilimkuta mama mkwe kwenye baraza la hospitali. Nikainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umefika." Hakuuliza habari za safari. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama yule aliruka salamu zote. "Watampasua. Wanataka damu. Mimi wamenipima, wamesema yangu haitoshi."

Ndipo nilipopata jibu la wale wote walioniuliza mwanaume anakwenda kufanya nini kwenye kujifungua. Wakanipima, ikafaa, wakachukua. Nilikuwa nimelala pale natazama chupa inajaa nikakumbuka kitu, nikaanza kucheka mpaka muuguzi akadhani nimezidiwa. Rubani aliyetoka kutoa damu haruhusiwi kuruka. Ni sheria, ya kila nchi. Nilipotoka, Yohana alikuwa anageuza gari arudi Singida, nikamwomba, "Mwambie Kapteni Petar nimetoa damu." Nasikia Petar alipoambiwa alisimama, akaipigia saluti Land Rover. Alikuwa amesema siko sawa kuruka, na sasa hakuna wakala wa nchi yoyote angeweza kumwita mwongo.

Kabla hawajamwingiza, walinipeleka mlangoni nikamwona Mwajuma kwenye kitanda cha magurudumu. Uso umemvimba, midomo imekauka. Akanitazama kuanzia nywele zenye vumbi mpaka viatu. "Umekuja," akasema. Nikamshika mkono mpaka walipouondoa wao.

Nikakaa kwenye benchi. Wanangu, nimetua katika dhoruba, nimetua injini moja imezima, sijaogopa kama nilivyoogopa kwenye benchi lile. Jua lilikuwa linateremka. Mlango ukafunguliwa, mama mkwe akatoka, akajifunga kanga upya, akaja akakaa kando yangu. Na sasa adabu yake yote ilikuwa imemrudia.

"Baba, habari za Singida?"

"Nzuri, mama."

"Dada yako Zena hajambo?"

"Hajambo, mama. Habari za ndani?"

"Nzuri," akasema. "Ni wa kike. Mama yake anaomba maji."

Nikashika ubao wa benchi kwa mikono miwili, nikasubiri ila. Nikasubiri. Mama mkwe akanitazama, akashangaa kwa nini sipumui.

"Nzuri, baba," akarudia. "Nzuri tu."